Ukoo wa Kipunji

Wawindaji wa Kinyakyusa waliopanda Mlima Rungwe walimjua kipunji tangu zamani: kima wa manyoya marefu ya kahawia, shungi lililosimama utosini, mwepesi wa kukimbia watu. Wanasayansi walimwona mwaka 2003, na mwaka uliofuata watafiti wengine wakamwona kivyao katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, umbali wa kilomita 350 hivi. Mwaka 2005 akapewa jina la kisayansi na kuwekwa pamoja na kima waitwao mangabei, katika jenasi ya Lophocebus. Hakukaa humo. Dume mchanga alinaswa na kufia katika mtego wa mkulima huko Rungwe, vinasaba vyake vikapimwa, na ikaonekana kwamba jamaa zake wa karibu zaidi ni nyani. Mwaka 2006 ikaundwa jenasi mpya kwa ajili yake, Rungwecebus, ya kwanza kwa kima wa Afrika baada ya miaka 83.

Mnyama mwenyewe hakubadilika hata unywele. Ni nini basi kilichobadilika?

Wapo watakaojibu kwamba ni majina tu: asili haina makundi, ina mnyama huyu na mnyama yule, na mengine ni makubaliano ya wasomi. Silikubali jibu hilo. Mtu akipanga vitabu vyake kwa rangi ya majalada, hakuna kitabu kitakachomthibitishia kuwa amekosea; rangi ni chaguo lake. Waliomweka kipunji kati ya mangabei, kinyume chake, walionyeshwa kosa, tena na mwili wa mnyama mwenyewe. Dai linaloweza kukanushwa na kitu chenyewe si makubaliano matupu.

Dai lenyewe linahusu uzazi. Carl Linnaeus wa Sweden, ambaye toleo la mwaka 1758 la kitabu chake ndilo msingi wa majina ya wanyama hadi leo, alipanga viumbe kwa maumbile yao, akiamini kwamba anaisoma kazi ya Muumba. Charles Darwin, mwaka 1859, alisema kinachowaunganisha ni asili moja: wanafanana kwa sababu walizaliwa na wahenga walewale. Mjerumani Willi Hennig akalikaza wazo hilo mwaka 1950: kundi halali ni mhenga pamoja na wazao wake wote, bila kumwacha yeyote nje. Kanuni hiyo haimwonei haya mtu. Mangabei, waliohesabiwa zamani kuwa jenasi moja kwa jinsi wanavyofanana, waligawanyika mbele yake: baadhi ni jamaa wa karibu wa nyani, wengine ni jamaa wa mandrili. Sura iliwaweka pamoja, nasaba ikawatenga.

Hata hivyo, nasaba haisemi kila kitu. Inatuambia kipunji yuko karibu na nyani. Haituambii kwamba umbali uliobaki unastahili jenasi nzima. Fuvu lake halina pua ndefu ya nyani, na watu walilipa jambo hilo uzito, lakini uzito huo ni wao walioutoa. Kwa hiyo, ndani ya jina moja mna mambo mawili ya namna tofauti. Ukoo umegunduliwa. Cheo kimetolewa. Jenasi, familia, oda na ngeli ni vyeo, na sijui kipimo chochote cha maabara kinachoweza kuvisoma katika damu. Mabishano mengi kuhusu uainishaji yangepungua makali kama tungeuliza kwanza ni lipi kati ya hayo mawili tunalobishania.

Kisha kipunji akaleta ugumu mwingine. Mwaka 2009 watafiti waligundua kwamba kipunji wa Rungwe wana, katika sehemu ya vinasaba inayorithiwa kwa mama peke yake, urithi wa nyani wa njano. Zamani sana, damu ya nyani iliingia katika ukoo wao. Wale wa Ndundulu, walipopimwa, hawakuonekana kuwa na urithi huo. Ernst Mayr, mwaka 1942, alifafanua spishi kuwa makundi yanayozaana yenyewe kwa yenyewe na yaliyotengwa na mengine kwa uzazi. Hapa tuna wanyama tuliowapa jenasi mbili, na bado walizaana.

Swali la mahali pa kuchora mpaka wa spishi lina gharama msituni. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilipata kipunji 1,117 tu, na wa Ndundulu ni sehemu ndogo sana yao. Tembo wa msituni na wa savana walipohesabiwa kando mwaka 2021 kama spishi mbili, ilidhihirika kuwa yule wa msituni amekaribia zaidi kutoweka. Hali yake ilikuwa imefichwa na idadi ya mwenzake.

Je, kipunji nao watenganishwe, wa Ndundulu wakiitwa halisi na wa Rungwe machotara? Naona hapana. Kipimo hicho kinadai usafi wa damu, na usafi si sharti la ukoo. Sharti ni kuendelea kuzaana na kuishi pamoja kama jamii yao wenyewe, na kipunji wa Rungwe wanafanya hivyo. Watu wengi wa Ulaya na Asia wamebeba sehemu ndogo ya vinasaba vya Neanderthal, na hakuna anayewaondoa katika Homo sapiens kwa sababu hiyo. Kipunji wa Rungwe wanastahili hukumu ileile.