Kisima cha Wote ni cha Nani?

Chombo chochote kinachowekwa kwa manufaa ya watu wengi kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huonekana kwa macho: chuma, saruji, mipira na mabomba. Sehemu ya pili haionekani, nayo ni mapatano ya watu wanaokitumia. Ile ya kwanza hununuliwa kwa fedha, na fundi huweza kuifunga kwa siku chache. Hii ya pili haiuzwi dukani wala haiagizwi kutoka ng'ambo. Hujengwa polepole kwa kuaminiana, nayo huweza kubomoka kwa jambo dogo. Nataka, msomaji wangu, tuitazame sehemu hii ya pili, maana ndiyo isahauliwayo sana siku ya sherehe, wakati wageni wanapokuja kukata utepe.

Pampu ya mkono inapoacha kutoa maji, watu husema kuwa imekufa. Makadirio yaliyokusanywa katika nchi 20 za Afrika na kutangazwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa yapata pampu 36 katika kila 100 hazikuwa zikifanya kazi. Sababu ni nyingi. Visima vingine hukauka, na vipuri vingine havipatikani karibu. Lakini mara nyingi chuma hufa baada ya mapatano kufa. Tukitaka kujua kwa nini kisima kimenyamaza, haitoshi kumwita fundi. Yafaa pia tuwaulize majirani kama bado wanasemezana.

Niruhusu nikueleze jambo lililonipata mimi mwenyewe. Katika kijiji kimoja nilichofundisha, wazazi walinichagua niwe katibu wa kamati ya maji, kwa sababu mwalimu ajua kuandika. Kila nyumba ilitoa shilingi hamsini kwa mwezi. Fedha ziliwekwa kwa mzee mmoja aliyeheshimiwa na wote, mtu wa sala na wa maneno machache. Mwaka ukapita bila hesabu kusomwa. Kila nilipotaka kuuliza, nilijisemea: Je, mimi kijana nitamwuliza mzee huyu fedha zilikwenda wapi? Basi katika daftari la kamati niliandika mara tatu kwamba hesabu zingesomwa katika mkutano ujao. Uongo huo niliuita adabu.

Pampu ikaanza kuvuja ndani. Kilichohitajika kilikuwa mpira mdogo tu, lakini fedha hazikuwapo. Mzee hakuwa mwizi. Alikuwa amewakopesha majirani waliofikwa na shida: huyu alikuwa na mgonjwa hospitalini, yule mwanawe alifukuzwa shule kwa karo. Waliokopa waliona haya kusema, naye aliona haya kuwadai. Wanawake wakarudi mtoni. Siku moja niliona mwanafunzi wangu akiingia darasani jua limekwisha panda, miguu yake ina tope la mtoni, naye akaniomba radhi kwa kuchelewa. Nilimsamehe upesi, kwa kuwa nilijua ni nani kati yetu aliyestahili kuomba radhi.

Hapa ndipo swali la maadili linapozuka. Je, undugu ndio unaohifadhi mali ya wote, au ndio unaoiua? Wako wasemao kuwa heri mradi upewe mgeni asiye na shangazi wala shemeji kijijini, apate kudai bila haya. Neno hili lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Mgeni huweza kudai, lakini usiku wa manane, mnyororo wa kisima unapokatika, mgeni yuko kwake.

Tazama Wamarakwet. Tangu zamani, kabla ya serikali ya kikoloni kufika, walichimba mifereji inayoteremsha maji kutoka milima ya Cherangani, ikipita ukingoni mwa miamba mikali, mpaka mashamba ya Bonde la Kerio. Mifereji hiyo imejengwa kwa mawe, magogo, matawi na udongo, vitu ambavyo mvua moja kubwa huweza kuvizoa. Chombo dhaifu namna hiyo kimedumu vizazi kwa vizazi. Ni kwa sababu mfereji una wenyewe: ni wa ukoo, na ukibomoka watu wa ukoo huitwa kazini. Maji hugawanywa kwa zamu zinazojulikana, na mgogoro hupelekwa mbele ya wazee. Katika Ukambani nako, makundi ya mwethya yamejenga matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo na mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu. Undugu wa namna hii haukuwa wa kufichiana makosa. Ulikuwa undugu wenye sheria.

Elinor Ostrom, bibi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza watu wanaotumia mali pamoja, kama vile mifereji, misitu na malisho. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alionyesha kuwa watu wa kawaida huweza kuihifadhi mali hiyo kwa muda mrefu, ikiwa wanashiriki katika kutunga kanuni zao, wanaangaliana, wanamwadhibu mkosaji kwa kadiri ya kosa lake, na wana mahali pepesi pa kusuluhishia ugomvi. Wazee wetu wasingeyaona mambo hayo kuwa mageni.

Pwani ya kusini ya Kenya, huko Kwale, katika miaka ya 1980, pampu iitwayo Afridev ilijaribiwa na kurekebishwa ili mtu wa kijijini aweze kuitengeneza mwenyewe kwa vifaa vichache. Jambo kubwa halikuwa chuma peke yake. Wanawake, ambao ndio wachotaji, walifundishwa kuifungua na kuitengeneza, na vijiji viliunda kamati za kutunza fedha za matengenezo. Aliyeubeba mtungi kichwani alipewa spana mkononi. Hiyo ni haki, nayo pia ni busara, kwa sababu hakuna mlinzi bora wa kisima kuliko yule atakayetembea mbali kikifa.

Yamkini utaniuliza: Je, mzee yule alikosea kuwahurumia majirani? Huruma yake ilikuwa njema. Kosa lilikuwa ni kuitoa gizani, kwa mali ambayo si yake peke yake. Kama shida za wagonjwa zingeletwa mkutanoni, watu wangechanga fungu jingine kwa ajili yao, na fungu la maji likabaki salama. Mwenye kuwakopesha watatu kwa siri kutoka katika mfuko wa mia, amewatoza tisini na saba sadaka wasiyoijua. Lakini kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lake, kwa kuwa yeye alitenda kwa huruma, na mimi nilinyamaza kwa woga.

Hatimaye tuliitisha mkutano chini ya mwembe. Mzee alikuja na daftari lake, akasoma kila jina na kila shilingi, sauti yake ikitetemeka. Alipomaliza, hakuna aliyemtukana. Waliokopa walisimama mmoja mmoja, wakaahidi kulipa. Kisha mzee akanigeukia akasema, "Mwalimu, kama ungeniuliza mapema, ningalikuwa nimelala usingizi mwaka mzima." Sijasahau neno hilo. Nilidhani kumwuliza ni kumvunjia heshima, kumbe kutomwuliza ndiko kulikomwacha peke yake na mzigo. Ilichukua miezi mitano kukusanya madeni. Mpira ulinunuliwa, na tangu siku ile hesabu zilisomwa kila mwezi, ziwe nyingi au chache.

Leo kuna pampu zinazoendeshwa kwa nguvu za jua, na watu hulipia maji kwa simu. Haya ni maendeleo, wala simwonei wivu anayeyapata. Simu huweza kukumbuka shilingi iliingia lini na kutoka lini. Lakini haiwezi kusimama mkutanoni ikauliza kwa upole imekwenda wapi. Kazi hiyo imebaki kuwa ya binadamu.

Msomaji wangu, umesoma, na kwa hiyo siku moja utaitwa uwe katibu wa kisima, wa josho, wa kinu au wa chama. Utakuta humo baba mdogo, mjomba na rafiki wa utotoni. Usiwakane, wala usiwafichie. Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba ufa wa kwanza wa kisima hautokei katika saruji. Hutokea siku ile mtu mwema anapoona jambo, akajua kuwa inampasa kuuliza, kisha akafunga daftari lake akaenda zake nyumbani.