Mtunza Vitabu na Habari za Nyumba Yake

Katika kila mji yuko mtu ambaye tukitaka kujua mambo ya zamani twamwendea yeye kwanza, naye ni yule ashikaye ufunguo wa kabati la vitabu. Twamwamini kwa kuwa hauzi kitu. Tukimwuliza jambo, hufungua kitabu akatuonyesha. Basi mwezi huu twataka kuuliza swali moja juu yake: akiandika habari za nyumba ile ile impayo mshahara, imani yetu kwake yabaki vile vile?

Zamani swali hili lilikuwa dogo, maana vitabu vya maarifa yote viliandikwa mbali, na wataalamu wachache. Leo sivyo. Kamusi elezo iitwayo Wikipedia ilianzishwa katika intaneti mwaka 2001, na ya Kiswahili mwaka 2003. Huandikwa na yeyote apendaye, hata mwenye simu chini ya mwembe hapa Mpanda, wala halazimiki kutaja jina lake. Tena tangu mwaka 2016 watunza vitabu wa dunia nzima hualikwa kila mwaka waongeze humo japo rejeo moja kila mtu, yaani waonyeshe neno fulani limetoka kitabu gani. Ni mwito mwema. Nani ajuaye vitabu kuliko wao?

Walakini wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Hawakusema kwamba ni mwizi. Ngozi huja upande wake kwa sababu mikono yake iko huko.

Waandishi wa Wikipedia waliiona hatari hii, wakaweka kanuni. Mwenye fungamano na jambo asiliandike mwenyewe moja kwa moja, bali ajitambulishe, na ombi lake aliweke katika ukurasa wa majadiliano, ili wengine walipime. Na tangu mwaka 2014 alipwaye kwa kuandika hana budi kumtaja amlipaye. Lakini kanuni zizo hizo zawakaribisha watunza vitabu na watunza makumbusho waonyeshe hazina zao. Hapo ndipo mtu mwema huteleza, maana kutoka kuonyesha hazina hata kuisifu ni hatua moja tu.

Wakubwa nao waliteleza. Mwaka 2012 kituo cha Belfer cha Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, kiliwekewa mwandishi wa Wikipedia aliyelipwa kwa fedha za mfuko wa hisani. Baadaye watu wakalalamika kwamba baadhi ya aliyoyaongeza yalitaja maandiko ya wataalamu wa kituo kile kile. Mwaka 2014 shirika la Wikimedia likakiri hadharani kwamba mpango ule ulikuwa na makosa.

Sisi nasi tusicheke. Miaka kadhaa iliyopita tulikabidhiwa vitabu vya shule moja, tukaona haya kwamba kamusi elezo haina habari zake. Tukakesha siku mbili tukiandika: mwaka wa kuanzishwa, majengo, wanafunzi waliopata vyeo. Kila neno lilikuwa na kitabu chake. Mwaka ule wanafunzi walipogombana na wakubwa wa shule, wengi wakafukuzwa, tuliuruka. Tulijiambia kwamba ni jambo dogo. Siku chache baadaye mtu tusiyemjua akafuta nusu ya maneno yetu, akauliza, "Wewe ni nani katika shule hii?" Tulikasirika juma zima. Kisha akatujia mzee mmoja, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa wale waliofukuzwa. Mjukuu wake alikuwa amemsomea habari zile. Akasema, "Mwalimu, nimesikia habari za majengo. Mwanangu yumo wapi?" Yule mgeni tuliweza kumjibu. Mzee hatukuweza.

Wako wasemao, Basi mtunza vitabu anyamaze, aandike mgeni. Hapa kwetu shauri hilo halifai. Mkoa wa Katavi uliundwa mwaka 2012 tu, na mgeni ajaye huandika habari za viboko na nyati wa Hifadhi ya Katavi, akaenda zake. Tukinyamaza sisi, nchi yetu itajulikana kwa viboko peke yao.

Wengine husema, Ajitaje tu, yatosha. Kujitaja ni lazima, lakini hakutoshi, na hapa twamwomba msomaji akae kidogo pamoja nasi. Tazama Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga ngome pale, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Mwaka 1889 akafika Adrian Atiman, mtu wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani utotoni, akakombolewa, akasomeshwa utabibu huko Malta. Akawatibu watu wa Karema miaka mingi sana. Alifariki mwaka 1956. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe, yakachapwa mwaka 1946 katika Tanganyika Notes and Records. Ni habari njema, nasi twaona fahari. Lakini hebu wahesabu walioandika: maofisa wa ngome, mapadre, na katekista wao. Wabende waliokaa chini ya kuta zile, walijiona wamelindwa au wametawaliwa? Mtunza vitabu aweza kujitaja yeye na nyumba yake, asiongeze hata sifa moja, na bado karibu kila kitabu atakachofungua kimeandikwa na nyumba hiyo. Kabati nalo huivuta ngozi. Na kamusi elezo haikubali ila yaliyokwisha kuchapwa.

Kwa hiyo twaona kwamba kazi yake ya kwanza ni kuitafuta karatasi isiyomo kabatini: barua ya malalamiko, hukumu ya baraza, maneno ya wazee, ayapatie mahali pa kuchapwa, hata yakiiaibisha nyumba. Ampaye mshahara huenda asimpende kwa hilo. Twalijua.

Yule mzee tulimwomba asimulie, tukaandika katika daftari, akatia dole gumba. Daftari liko kabatini, kando ya kitabu cha kumbukumbu cha shule. Katika kamusi elezo tulijitaja sisi ni nani, tukaomba habari za mwaka ule zitiwe. Wakatuuliza zimechapwa wapi. Hatujawajibu bado.