Figo Uliyopewa ni ya Nani?



Siku moja baada ya ibada kijana mmoja alinifuata nyuma ya kanisa akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Alikuwa amepandikizwa figo, na aliyemtolea ni kaka yake wa tumbo moja. Akasema, "Mzee wangu, je, nina haki ya kuzichoka dawa zinazoitunza figo ya kaka yangu?"

Swali hili si la watu wa mbali tena. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanyika Boston, Marekani, mwaka 1954, baina ya mapacha wa kufanana, hata mwili wa mgonjwa haukuona mgeni ndani yake. Wagonjwa wa Tanzania walizoea kupelekwa India, mpaka Muhimbili ilipoanza kazi hiyo mwaka 2017. Basi sasa twapishana njiani na watu waliobeba figo ya ndugu, wala hatuwajui.

Asiye pacha wa namna ile hana budi kumeza dawa siku zote, ili mwili usiikatae figo ya mwenzake. Mojawapo ni prednisoloni, ambayo ni steroidi. Imeokoa wengi, lakini ina taabu zake: huvimbisha uso, huzidisha njaa, hufukuza usingizi, hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na shinikizo la damu. Kijana wetu mashavu yalimjaa, na watu wakamwambia mlangoni mwa kanisa, "Umenawiri, hongera!" (Nakiri kwamba mimi ni mmoja wao.) Akaacha kwaya, akawa anakaa benchi la nyuma.

Nyumbani alipojaribu kulalamika aliambiwa, "Mwenzio amepasuliwa kwa ajili yako, nawe wanung'unikia mashavu?" Akanyamaza. Tangu siku ile akaanza kupunguza vidonge kwa siri, na mwisho akaacha kabisa.

Yafaa nieleze hapa jambo ambalo wengi hawalijui. Juu ya kila figo tuliyozaliwa nayo pana tezi ndogo inayotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, ile inayotuwezesha kustahimili homa na misukosuko. Mtu akimeza steroidi kwa majuma mengi, tezi hizo huona kazi inafanywa na mwingine, nazo hulala. Kuamka kwake ni kwa polepole, pengine miezi mingi. Ndiyo sababu dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo. Aiachaye ghafula huweza kuishiwa nguvu, kutapika, shinikizo la damu likashuka, hata akafa, ingawa figo aliyopewa ni nzima. Kijana alikuwa amejitia katika hatari mbili kwa pamoja: ya tezi zilizolala, na ya mwili kuikataa figo. Alifikishwa hospitali akiwa hawezi kusimama.

Turudi kwenye swali lake. Wapo watakaosema kwamba figo ile ni amana ya kaka, na mwenye kushika amana hana ruhusa ya kulalamika. Mimi sikubali. Kaka hakukopesha, alitoa. Na zawadi ambayo jamaa wanaendelea kuishika kwa mkono mmoja imekuwa kamba ya kumfungia mtu. Tena kutamani kupunguza dawa si utovu wa shukrani. Madaktari wenyewe wamelitamani jambo hilo. Huko Marekani wagonjwa 386 waliopandikizwa figo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliachishwa steroidi baada ya juma moja, lingine likaendelea na kipimo kidogo. Matokeo ya miaka mitano yalichapishwa mwaka 2008: idadi ya figo zilizopotea haikutofautiana sana, ila walioachishwa walipatwa zaidi na vipindi vya mwili kuikataa figo. Mpaka leo hospitali hazifuati njia moja. Ikiwa wenye elimu hiyo wangali wakipima faida na hasara, kijana alaumiwe kwa kuuliza?

Walakini sisemi kwamba figo ile ni yake kama shati lilivyo lake. Ukirarua shati ulilopewa, aliyekupa habaki na kovu. Kaka amebaki na figo moja, wala hana nyingine ya kutoa. Kosa la kijana naliona katika kuficha: alifanya peke yake, gizani, jambo ambalo likiharibika litawaumiza wawili, na alimnyima daktari nafasi ya kumsaidia. Lakini siri ile haikuzaliwa naye peke yake. Waliomfunga kinywa kwa jina la shukrani wana sehemu yao, na sidhani kama wameiona.

Alipopata nafuu alirudishiwa dawa. Kliniki iliyofuata kaka alikwenda pamoja naye, akasikiliza yote, na alichosema kilikuwa hiki tu: "Mbona hukuniambia mimi?" Baada ya miezi kadhaa daktari alianza kumpunguzia, kidogo sana kila mara, huku damu ikipimwa kabla ya kushuka tena. Mara moja vipimo havikupendeza, wakasimama. Jumapili iliyopita nilimwona amerudi kwaya, safu ya besi, mashavu bado yamejaa kiasi.