Asome Kwanza au Atafute Kazi?



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa skuli yatokapo, suali moja hurudi katika darsa zetu za baada ya Alasiri, kwa kinywa kingine. Safari hii alilileta kijana aliyemaliza kidato cha nne. Amepata nafasi ya kusomea umeme katika chuo cha ufundi, na wakati huohuo ameitwa na mwenye duka la misumari na mabati akapime na kuandika stakabadhi kwa ujira wa kila juma. Babake alikuwa mvuvi, na sasa ni mgonjwa wa kitandani. Akatuuliza: "Sheikh, nisome au nishike kazi? Na nikiacha kusoma, je, nitakuwa nimeacha faradhi ya kutafuta elimu?"

Kabla hatujafumbua kinywa, wenzetu wawili walikwisha kumjibu. Mmoja alisema kuwa asiye na shahada zama hizi hahesabiwi kuwa mtu. Wa pili alisema kuwa amewaona wenye shahada wamekaa barazani wakicheza karata na kungoja kuitwa, na fundi asiye na cheti hata kimoja anajenga nyumba ya pili. Nasi twaona kuwa wote wawili walikosea, kwa sababu walipima kwa mizani moja, nayo ni ya pesa. Hakuna aliyemwuliza yule kijana: nyumbani kwenu leo mmekula nini?

Hilo ndilo suali la kwanza, kwani nafaka ya wazazi wasio na kitu ni wajibu juu ya mtoto awezaye kuchuma. Ama elimu, maulamaa wameigawa mafungu mawili. Liko fungu la fardhi ayn, nalo ni mtu kumjua Mola wake, tohara yake, sala yake na saumu yake, na hukumu za kazi aifanyayo. Mwenye kuuza dukani ni lazima ajue halali na haramu ya kuuza na kununua. Fungu hili hakusamehewa mtu, awe chuoni au awe nyuma ya mizani. Na liko fungu la fardhi kifaya, kama utabibu, uhandisi, hesabu, na kila ufundi ambao mji hausimami bila ya huo. Wakipatikana watu wa kutosha, wengine wamesalimika. Wasipopatikana, dhambi ni ya mji mzima.

Basi kijana aachaye chuo ili wazazi wake wale hakuacha faradhi. Ametanguliza iliyo shingoni mwake peke yake mbele ya ile iliyo shingoni mwetu sote. Na aibiwe nani kwa hilo? Mtume wetu s.a.w. ametufundisha kuwa kukata kuni na kuzibeba mgongoni ni bora kuliko kuomba watu, wapende kukupa au wakunyime.

Wengi wetu hukomea hapo, tukasema "basi na akafanye kazi," tukaenda zetu nyumbani nyoyo zimetulia. Lakini ile iliyo shingoni mwetu sote nani ataiondoa?

Imepokewa katika khabari za maulamaa kuwa Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa katika mji wa Kufa, karne ya pili ya Hijra, alikuwa mtoto wa maskini, na mzazi wake akimtoa darasani aende akachume. Imamu Abu Hanifa, aliyekuwa mwenyewe mfanyabiashara wa vitambaa, hakumtolea mzazi yule waadhi juu ya fadhila za elimu. Alimpa mwanafunzi wake mfuko wa fedha, na ulipokwisha akampa mwingine. Mtoto yule akaja kuwa Kadhi Mkuu katika dola ya Harun al-Rashid. Imamu alijua kuwa nyumba yenye njaa hujibiwa kwa chakula.

Wala wazee wetu wa pwani hawakuwa mbali na mwendo huo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hata alipofariki mwaka 1947, aliwaamsha watu wetu kwa kalamu yake katika Sahifa ya mwaka 1930 na Al-Islah ya mwaka 1932, akiwataka wasiiache elimu ya dini wala ile ya maisha. Kisha Waislamu wakatoa mali zao, ukajengwa pale Tudor, Mombasa, MIOME, chuo cha kuwasomesha Waislamu ufundi, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Chuo hicho kiligeuka Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wazee hawakutosheka na kuwahimiza watoto wasome, walilipa pia.

Sisi je, twalipa nini? Twajua kuchanga kwa harusi ya siku tatu, na twajua kukopa kwa ajili ya karamu ambayo kesho yake haikumbukwi. Na mgonjwa yule na mkewe ni mafukara, na zaka ni haki yao iliyo wazi. Lau wangelipewa haki yao, mtoto wao asingelikuwa na suali la kutuuliza. Tena, mikopo ya serikali kwa wanafunzi wa vyuo vikuu hutozwa ziada ya asilimia 4 kwa mwaka, na wako vijana wetu waiachao kwa kuogopa riba. Tukiwaambia kuwa riba ni haramu, nao ndio ukweli, kisha tusiwakopeshe qardhi hasana, tumewafungia mlango na ufunguo tumeuweka sisi.

Ama wewe kijana ambaye wazazi wako wana cha kula, na ada yako yapatikana, nawe umekaa barazani ukisema kuwa shahada haina faida, huna udhuru. Hukuacha kusoma kwa ajili ya mtu yeyote. Wala asitufahamu vibaya mwenye kudhani kuwa twaisifu karatasi. Karatasi ni ushahidi wa elimu, na mwenye kuinunua bila ya kusoma ametoa ushahidi wa uongo juu ya nafsi yake, na ujira autwaao kwa uongo huo na auogope.

Na wako walio kati kwa kati, wasioweza kuacha kazi wala hawataki kuacha elimu. Hao wana mfano mwema. Sayyidna Umar r.a. alipokuwa akikaa pembeni mwa Madina, yeye na jirani yake wa Kiansari walipeana zamu: leo huyu ashuka kwa Mtume s.a.w., na kesho yule. Na kila aliyeshuka humletea mwenziwe khabari za siku ile. Hawakuiacha kazi, wala hawakuikosa elimu. Leo viko vyuo vyenye madarasa ya jioni. Na hapa Kenya, aliyejifunza kazi mkononi mwa fundi aweza kufanya mtihani wa serikali wa ufundi, tangu daraja la tatu hata la kwanza, akapata cheti chake kwa haki.

Basi tulimjibu kijana yule: "Mwanangu, kesho shika kazi, na usione haya, wewe u katika ibada madhali nia yako ni wazazi wako. Wala usiirudishe nafasi yako chuoni kabla hujasikia kutoka kwetu." Kisha tukawageukia waliohudhuria, tukawauliza ni nani atakayeilisha nyumba ile. Baraza likanyamaza. Nasi tuliouliza tulinyamaza pia, kwani lilitupitia moyoni kuwa miaka yote hii twalijibu suali hili kwa ulimi tu.

Aliyevunja kimya alikuwa yule aliyezibeza shahada. Alisema kuwa mwenye duka ni jamaa yake, naye atamwomba amwachie kijana kila siku ifikapo Alasiri, awahi darasa la jioni. Mwingine akachukua ada ya muhula mmoja. Nasi tumechukua sehemu yetu. Yaliyobaki ni nafaka ya nyumba na ada ya mihula inayofuata, na chuo chafunguliwa mwezi ujao.

Ndugu msomaji, katika mtaa wako yuko kijana kama huyu. Atakapokuuliza kama asome au atafute kazi, usikimbilie kumjibu. Mwulize nyumbani kwao wana nini, kisha utazame mfuko wako.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuyatenda tunayoyasema. Amin.