Tarehe 29 Februari Ni ya Nani?

Usiku wa Jumatatu, 29 Februari 1960, saa sita kasoro dakika ishirini, ardhi ilitetemeka chini ya mji wa Agadir, pwani ya Atlantiki ya Morocco. Ilitetemeka kwa sekunde kama kumi na tano tu. Kwa vipimo vya wataalamu halikuwa tetemeko kubwa, lakini chanzo chake kilikuwa karibu na uso wa ardhi, tena chini ya mji wenyewe, na nyumba nyingi hazikujengwa kuhimili mtikisiko wowote. Ngome ya kale ya kilimani ilibomoka juu ya wakazi wake. Mtaa wa Talborjt ukawa kifusi. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 12,000 na 15,000, karibu theluthi ya watu wote wa mji. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa ungali mchanga, na wengi wa waliokufa usiku ule walikuwa wamefuturu saa chache tu zilizopita.

Husemwa kwamba tetemeko hilo lilitokea siku ya ziada ya mwaka mrefu, nami nataka kuuliza maana ya maneno hayo. Wakati mji unaanguka, Afrika Mashariki ilikuwa imeshapita saa nane usiku na tarehe ilikuwa 1 Machi. Kwa Waislamu wa Agadir wenyewe, ambao siku yao huanza jua linapozama, Jumatatu ilikuwa imekwisha tangu magharibi. Ule ulikuwa usiku wa Jumanne, ndani ya mwezi usioijua Februari. Na kama ardhi ingengoja dakika ishirini zaidi, hata saa za ukutani za mji huo zingesema ni Machi. Vifo ni vilevile, kilio ni kilekile, tarehe haziko sawa. Ipi ni ya tukio lenyewe?

Jibu la haraka ni kwamba tarehe zote ni mapatano, na jibu hilo lina ukweli mwingi. Dunia hulizunguka jua kwa siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde kama 45. Saa hizo karibu sita hazina pa kukaa katika mwaka wa kawaida, basi hulimbikizwa mpaka zipate siku. Julius Caesar, kwa ushauri wa mnajimu Sosigenes wa Alexandria, aliliweka hilo katika kalenda ya Roma mwaka 46 kabla ya Kristo. Makuhani waliokabidhiwa kazi wakakosea kuhesabu, wakaongeza siku kila mwaka wa tatu badala ya wa nne, hadi Augustus alipoamuru miaka kadhaa ipite bila nyongeza ili hesabu irudi sawa. Sweden nayo, baada ya kuanza kubadili kalenda mwaka 1700 na kuiachia njiani kwa sababu ya vita, ilijikuta na hesabu isiyolingana na ya nchi yoyote, ikalazimika kuwa na 30 Februari mwaka 1712. Watu waliamka siku hiyo, wakakamua ng'ombe, wakala. Siku hiyo ilikuwa ya kweli kwao, na hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuishi tarehe 30 Februari pamoja nao.

Warumi walikwenda mbali zaidi. Siku yao ya ziada haikuwekwa mwisho wa mwezi. Tarehe inayolingana na 24 Februari ilirudiwa mara mbili, na wanasheria wao wakaamua kwamba siku hizo mbili zihesabiwe kuwa moja. Fikiria uzito wa jambo hilo. Jua limechomoza na kuzama, mtoto amezaliwa, mzee amezikwa, na sheria inasema hapakupita siku.

Huku pwani wazee wetu walishika njia nyingine. Mwaka wa Nairuzi, ambao watu wa Makunduchi bado wanauaga na kuukaribisha kwa Mwaka Kogwa, ni wa siku 365 kamili: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kumalizia. Hapana siku ya ziada. Mwanzo wa mwaka huo hurudi nyuma siku moja kila miaka minne ukiulinganisha na jua, kwa hiyo nahodha aliyerithi kwa babu yake mwongo wa kutweka tanga hakuweza kuushika vilevile alivyoambiwa. Ilimbidi autazame upepo. Sioni upungufu hapo. Naona watu waliokubali kwamba hesabu ni chombo cha kuongoza macho, nayo macho lazima yaendelee kutazama.

John Mbiti, mwanateolojia na mwanafalsafa wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Mwafrika wakati hufanywa na matukio: hakuna wakati mtupu unaosubiri kujazwa. Alitumia maneno yetu wenyewe, Sasa na Zamani, kueleza hoja yake, na akadai kwamba wakati ujao haukuwa na nafasi kubwa katika fikra hizo. Katika dai hili la pili simfuati. Mtu anayehesabu miongo ili ajue kusi itavuma lini anaufikiria wakati ujao kwa makini sana. Lakini la kwanza nalipokea kwa mikono miwili. Watu wa Agadir hawakufa ndani ya tarehe 29 Februari. Tetemeko ndilo lililoipa tarehe hiyo, kwao na kwa watoto wao, uzito ambao haikuwa nao saa moja kabla.

Hata hivyo mapatano yana wenyewe, na wanaoishika kalenda wanaweza kuitumia kama silaha. Juni 1503 Christopher Columbus alikwama Jamaica, merikebu zake mbili zimetobolewa na wadudu wa baharini wanaokula mbao. Wataino, wenyeji wa kisiwa hicho, waliwalisha yeye na watu wake kwa miezi. Kisha sehemu ya mabaharia wakaasi, wakawa wanazunguka vijijini wakipora, na wenyeji wakachoka kuleta chakula. Columbus alikuwa na kitabu cha hesabu za nyota kilichotungwa na Mjerumani Regiomontanus, mtu aliyekwishafariki tangu 1476, na humo iliandikwa kwamba mwezi utapatwa usiku wa 29 Februari 1504. Akawaita wakuu wa Wataino, akawaambia kwamba Mungu wake amewakasirikia na ataonyesha hasira yake angani. Mwezi ukachomoza ukiwa na giza. Kwa maelezo ya mwanawe Ferdinand, aliyekuwapo akiwa kijana, watu walikuja mbio kutoka kila upande wakilia na kubeba vyakula. Columbus akajifungia chumbani mwake mpaka alipojua kwamba giza linakaribia kuisha, ndipo akatoka kutangaza kuwa wamesamehewa.

Kisa hiki kimesimuliwa kwa karne nyingi kama ushahidi wa werevu, nami kila nikikisoma kinanichoma. Kimetufikia kwa kinywa cha wageni wenye njaa, hakuna neno la waliokuwa na chakula. Wataino walikuwa na macho na mbingu ileile. Walichokosa ni kitabu kile. Mtu aliyelishwa kwa hisani aliigeuza elimu kuwa tishio, na katika miongo michache iliyofuata kazi za kulazimishwa, njaa na maradhi vikawamaliza karibu wote. Tena tarehe yenyewe ilikuwa na kasoro: kalenda ya Julius ilikuwa imeachana na jua kwa siku kumi, na kwa hesabu tunayotumia leo usiku ule ni wa 10 Machi.

Wapo watakaosikia haya wakasema siku hiyo ina nuksi. Watataja Salem, Massachusetts, ambako hati za kwanza za kuwakamata wanawake kwa tuhuma za uchawi zilitolewa 29 Februari 1692, mmoja wao akiwa mtumwa aliyeitwa Tituba. Watataja Haiti, ambako Rais Jean-Bertrand Aristide aliondolewa nchini tarehe hiyohiyo mwaka 2004. Basi na wataje pia 29 Februari 1940, Hattie McDaniel alipokuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Oscar. Alishinda katika hoteli ya Los Angeles isiyoruhusu weusi, akakalishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Kuna watu walioamua meza ile ikae pale. Kuna mahakimu waliotia saini hati zile za Salem. Ukiibebesha tarehe lawama, umewafutia wao.

Linabaki suala la kukumbuka. Tukio la 29 Februari likumbukwe lini katika miaka mitatu isiyo na siku hiyo? Sheria zimejibu kwa ajili ya waliozaliwa siku hiyo, na hazikujibu kwa sauti moja: New Zealand huwahesabia umri 28 Februari, Uingereza 1 Machi. Kwa Agadir swali lilikuja mapema. Mfalme Mohammed V, aliyeahidi kwamba mji utajengwa upya, alifariki 26 Februari 1961, kabla mwaka wa kwanza haujatimia, na mwezi ule ukaishia tarehe 28. Kati ya mwisho wa 28 na mwanzo wa Machi hapakuwa na nafasi hata ya dakika moja ambapo tetemeko lingeweza kusemwa kuwa limetimiza mwaka. Mwaka 2100 hautakuwa mwaka mrefu. Kutoka 2096 hadi 2104 itapita miaka minane. Mji mpya ulijengwa kusini mwa ule wa zamani, na wanaoishi humo hawahitaji kalenda ili waone kilima kilichobeba ngome.

Sarajevo inanishughulisha zaidi ya yote. Tarehe 29 Februari na 1 Machi 1992 watu wa Bosnia walipiga kura ya kujitenga na Yugoslavia. Waserbia wengi walisusia, na waliopiga karibu wote walisema ndiyo. Tarehe 5 Aprili mji ukazingirwa. Mizinga ilikuwa vilimani, wadunguaji kwenye madirisha ya maghorofa, na 27 Mei makombora yakawaua watu waliokuwa wamepanga foleni ya mkate. Mzingiro ulidumu siku 1,425, na serikali ilitangaza kwamba umekwisha 29 Februari 1996. Yaani kura na mwisho wa mateso viliangukia tarehe moja, na katikati yake tarehe hiyo haikuwapo hata mara moja. Anayehesabu kwa siku ya ziada ataona hatua moja. Mama aliyekuwa akivuka barabara na madumu ya maji, akikimbia kutoka kona hadi kona, alizivuka siku zile 1,425 moja moja.

Hata mwisho huo ulichaguliwa. Mkataba wa amani ulikuwa umetiwa saini Paris tangu 14 Desemba 1995. Ilingojwa majeshi ya Waserbia yaondoke kwenye vitongoji vya kuuzunguka mji ndipo tangazo likatolewa. Ilipofika miaka ishirini tangu vita ianze, barabara kuu ya Sarajevo ilipangwa viti vyekundu 11,541, kimoja kwa kila aliyeuawa mjini humo, vingine vidogo, vya watoto. Mwaka huo, 2012, ulikuwa mrefu. Tarehe 29 Februari ilikuwapo, ikiwa na kura yake na tangazo lake, ikapita. Viti viliwekwa 6 Aprili, kwa sababu waliovipanga walikuwa wanahesabu tangu watu wao walipoanza kuuawa.