Macho Mekundu Si Ushahidi

Katika hadithi ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, mtu akutwa ameuawa mzimuni, na watu wausingizia mzimu. Bwana Msa, mpelelezi, hakubali. Atafuta dalili mpaka muuaji aonekana kuwa binadamu.

Je, sisi wa Bariadi, mtoto akifa ghafula, twatafuta nini? Huku Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Lakini macho hayo mara nyingi yameharibiwa na moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, walichotupikia miaka mingi.

Ni uchungu kusema kaburini, "Hatujui." Hata hivyo msiba haumpi jirani hatia. Akitajwa mtu, tuulize: nani aliona nini? Tukinyamaza, tumeshiriki damu yake.