Kabla Hujalipandisha Tela Lyamba

Mwanangu, habari za wewe kununua tela zimenifikia kabla hujaja kuniambia mwenyewe. Majengo, hapa Mpanda, si pakubwa, na fundi aliyekuchomea ndoano ni mpangaji wangu. Sina kinyongo, biashara ni yako. Hiyo Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, bila tabo, imezeesha madereva wengi wa ukanda huu yenyewe ikiendelea kudunda. Lakini imezoea kubeba, na kuvuta ni kazi nyingine. Wengi wanaokuja hapa barazani kuniuliza kwa nini gari limechemsha wanataka nimlaumu fundi, au rejeta, au dizeli ya kituo fulani. Mimi huwauliza walikuwa gia ya ngapi.

Tuanze na hesabu, maana shule ulikwenda. Gari lako, tela na mpunga wa watu, tuseme jumla tani 5. Bonde la Rukwa liko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, na Sumbawanga ni kama mita 1,800. Ukitoka kule bondeni kwenda kuuza Sumbawanga, umeuinua mzigo huo mita 1,000. Kwa kuinua peke yake, sijahesabu upepo wala matairi, injini itachoma lita nne na nusu hivi za dizeli. Nguvu ya mafuta hayo, theluthi ndiyo inayosukuma gari, tena ukibahatika. Theluthi nyingine inatokea kwenye ekzosi. Iliyobaki karibu yote inaingia kwenye maji na oili, na inatosha kuchemsha ndoo ya maji ya lita 20 mpaka ikauke kabisa. Moto wote huo unatakiwa utoke kupitia kile kidirisha cha rejeta mbele ya miguu yako.

Mlima huwezi kuupunguza. Unachoweza kupanga ni muda. Ukipanda kwa kilomita 40 kwa saa, moto ule unamwagwa haraka. Ukipanda kwa 20, moto ni uleule lakini rejeta inapewa muda mara mbili wa kuutoa. Ndiyo maana wazee wa malori huwaoni wakikimbizana mlimani, na vijana mnawapigia honi.

Sasa usinielewe vibaya. Kwenda taratibu si kung'ang'ania gia ya nne huku injini inagugumia na moshi mweusi unatapakaa nyuma. Feni, pampu ya maji na pampu ya oili zote zinazungushwa na injini yenyewe. Injini ikizunguka polepole huku imebeba mzigo mzito, moto unaongezeka na vinavyoupoza vinalegea, vyote kwa wakati mmoja. Isitoshe, kwenye dizeli kama yako ukikanyaga unaongeza mafuta tu, hewa haiongezeki. Moshi mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa, na joto la ndani ya silinda linakuwa limeshapanda kabla maji hayajapata habari. Ukitoka Kibaoni kuupanda ukuta wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Kizi, shusha gia mapema, chini kabisa, kabla injini haijalalamika. Iache izunguke kati ya 2,200 na 2,800 kwa dakika, kisha inua mguu mpaka moshi upotee. Itapiga kelele. Iache ipige.

Wamarekani wana kipimo chao cha magari ya kuvuta, kinaitwa J2807, kilichowekwa na chama cha wahandisi wa magari, SAE. Gari linapelekwa Arizona, kwenye mpando wa Davis Dam, barabara ya kilomita 18 inayopanda kama mita 900, kwenye joto la nyuzi 38, kiyoyozi kimewashwa mpaka mwisho. Likishindwa, kwa kipimo hicho uzito ule hauhesabiwi kuwa limeuweza. Ukiangalia, huo ni mpando wetu, unapungukiwa mita mia hivi tu. Ila gari lao ni jipya, rejeta haijawahi kuzibuliwa kwa waya, na hakuna mtu aliyepakia magunia mawili ya ziada juu ya kerya kwa sababu mwenye mzigo ni shemeji yake.

Nakuja kwenye oili, na hapa tulia kidogo, maana ndipo wengi wanapopotea.

Wewe unaangalia geji ya maji. Ni sawa, lakini maji ni ya kwanza kupata moto na ya kwanza kupoa. Oili inachelewa kwenda na inachelewa kurudi. Asubuhi, mshale wa maji ukishafika katikati, oili bado ni nzito na haijapata moto wa kutosha. Kwa hiyo usitoke Majengo na tela ukakanyaga mpaka chini. Nenda pole kilomita kadhaa za mwanzo. Mlimani mambo yanageuka. Unamaliza mpando wa kwanza, unapata kitambarare, mshale wa maji unarudi mahali pake, nawe unasema mambo safi, unakanyaga kuufuata mpando wa pili. Oili kule chini kwenye sampo bado inachemka na joto la mpando wa kwanza. Unairundikia la pili juu yake. Oili iliyo nyuzi 100 mpaka 120 inafanya kazi bila shida. Ikivuka 130 inaanza kuchakaa haraka, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi, mwendo wa kuchakaa unakaribia kuwa mara mbili. Na oili hiyohiyo ndiyo inayopoza mabearing ya krenki na tumbo la pistoni, mahali ambapo maji hayafiki.

Utaniuliza, nitajuaje, na gari halina geji ya joto la oili? Unayo geji ya presha ya oili hapo kwenye dashibodi, na karibu kila dereva anaiona kama pambo. Asubuhi gari likishapata moto wa kawaida, liache kwenye silensa na uangalie mshale umesimama wapi. Weka hata alama ya kalamu kwenye kioo. Ukimaliza mpando, simama pembeni mahali salama, injini ikiwa silensa, uangalie tena. Mshale ukiwa umeshuka chini ya alama, oili imekuwa nyepesi kwa joto. Kadiri ulivyoshuka ndivyo ilivyopata moto. Kaa hapo, kunywa maji, ngoja mshale upande tena ndipo uondoke. Hakuna chombo cha bei nafuu kuliko hicho, na umeshakilipia uliponunua gari.

Dipstiki nayo usiichomoe kwa mazoea tu. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si ugonjwa. Masizi huipaka weusi siku chache baada ya kubadilishwa. Isugue kati ya vidole viwili, uinuse. Ikinukia kuungua, imeshachoka. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, gasketi ya hedi ndiyo ya kutazamwa, na safari imeishia hapo. Kiwango kiwe kwenye alama ya juu, si ya katikati, kwa sababu oili nyingi inabeba joto kuliko oili kidogo, usizidishe tu. Nunua 15W-40 ya dizeli kwenye kopo lenye lakiri dukani. Hii inayopimwa barabarani kwenye chupa za maji ya kunywa, kwa mwenye tela, ni ya kupaka bawaba za mlango. Na zile kilomita za kubadilisha oili ulizozoea zipunguze. Hata vitabu vya magari vinahesabu kuvuta tela kuwa ni matumizi magumu.

Kuna fundi atakuambia atoe themostati ili injini ipoe. Mkatalie kwa adabu. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ndiyo pia inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka humohumo ndani bila kupita kwenye rejeta, na mlimani utachemsha vilevile. Tambarare nako injini itakuwa baridi siku nzima. Atakayekuja kukuambia mfunge tabo kwenye 1HZ na kuongeza pampu, huyo mkatalie hata bila adabu. 1HD-T, iliyotoka kiwandani na tabo yake, ina vijito vya oili vinavyorushia pistoni kwa chini zisipate moto. Yako haikujengwa hivyo. Utafurahia nguvu msimu mmoja.

Rejeta yenyewe ioshe kabla ya kila msimu wa mpunga. Pumba, mbegu za nyasi na wadudu wa barabara ya vumbi hujaa kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta, na kwa mbele huwezi kuviona. Chukua tochi, mtu mmoja amulike upande wa feni, wewe chungulia upande wa pili. Usipoona mwanga, hewa nayo haipiti. Maji ya kuoshea yatoke upande wa feni kwenda mbele, kwa nguvu ndogo, usije ukalaza zile nyuzi. Ndani weka kulanti. Maji ya mto Katuma waachie viboko. Yana tope na chumvi zinazoganda kwenye mirija. Mfuniko wa rejeta wenye springi iliyochoka ubadilishe. Hapa Mpanda maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, Sumbawanga 94. Presha inayoshikiliwa na mfuniko ule ndiyo inayosogeza kuchemka mpaka kupita 110.

Saa ya kuondoka nayo ni dawa. Rejeta inatoa joto kwa kadiri ya tofauti kati ya maji na hewa. Maji yakiwa nyuzi 95 na hewa ya saa nane mchana, mwezi wa kumi, ikiwa 35, tofauti ni 60. Ukipanda alfajiri hewa ikiwa 20, tofauti ni 75. Umepata robo nzima ya rejeta bure, bila kumlipa mtu. Jihadhari tu na upepo unaokuja nyuma yako. Dereva anaupenda kwa kuwa unamsukuma, lakini ukipanda polepole nao hewa haipiti usoni pa gari, feni inabaki peke yake.

Na ukichemsha? Omba isiwe ndani ya hifadhi. Kagua kila kitu Sitalike, kabla barabara haijaingia Katavi, kwa sababu humo ndani huwezi kushuka tu kufungua boneti kama uko stendi. Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho, shusha gia, punguza mguu. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Vitabu vitakuambia ufungue vioo, ila mwandishi wake hajakutana na mbung'o wa pale. Funga vioo, toa jasho. Mshale usiposhuka, simama, weka nyutro, lakini usizime. Shikilia resi kidogo, kama 1,500, maji na oili viendelee kuzunguka. Ila ukiona mvuke, au mshale uliokuwa juu umeanguka ghafla mpaka kwenye baridi, zima papo hapo. Injini haijapoa. Maji yamekwisha na kile kipimio kimebaki kwenye hewa. Hapo ngoja mpaka uweze kuushika mfuniko kwa mkono mtupu. Usimwagie injini maji ya baridi, hedi itapasuka. Ikishapoa, washa, ongeza maji kidogo kidogo ikiwa inaunguruma.

Ukishuka, shuka na gia uliyopandia. Nyutro kwenye mteremko wenye tela ni kujiua, hilo sitalirudia. Na ukifika, usizime hapo hapo; acha silensa dakika mbili tatu joto lisambae. Rafiki zako wenye tabo wao ndio hasa wazingatie. Tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na ukizima ghafla oili inasimama ndani yake na kuungua pale kwenye bearing. Wenye Prado za otomatiki wazime ovadraivu mlimani, maana oili ya gia boksi nayo inapozwa na rejeta hiyohiyo.

Jumamosi lete gari asubuhi, injini ikiwa ya baridi, tuangalie klachi ya feni na hozi ya chini, sijaipenda ilivyolegea. Jumatatu utaweza kwenda Usevya kubeba mpunga. Yule mwenye mpunga akikuambia uongeze magunia kumi kwa kuwa tela lina nafasi, hiyo ni tani nzima. Mwambie atafute Fuso.